Kikuza-mwanga, kipaza-mwanga au busta?

SWALI: Habari, mwalimu. Mimi ni fundi wa faiba, zile nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, hapa Tororo. Tunaandaa kijitabu cha mafunzo kwa Kiswahili, maana kundi letu limechanganyika na wengine wanatoka ng'ambo ya mpaka, Malaba. Tumekwama kwenye kile kifaa cha semikondakta (maada inayopitisha umeme kwa kiasi tu) kinachoongeza nguvu ya mwanga ndani ya faiba. Mwenzangu mmoja anakiita "kipaza-mwanga", mwingine "kikuza-mwanga", na mimi nimeandika "amplifaya ya semikondakta ya mwanga". Nani yuko sahihi? Na wingi wake ni upi?

JIBU: Nianze na lako, fundi, kwa sababu ndilo lenye mtego wa sarufi. "Amplifaya" na "semikondakta" zote ni za ngeli ya I-ZI, kwa hiyo hiyo "ya" ya pili inaweza kushika yoyote kati ya hizo mbili. Msomaji atadhani kuna kitu kiitwacho "semikondakta ya mwanga". Geuza tu mpangilio: "amplifaya ya mwanga ya semikondakta". Hapo "ya" ya mwisho haiwezi kuwa mali ya mwanga, ambao ungedai "wa".

Sasa "kipaza". Kitenzi "paza" kimeoana na sauti tangu zamani. Kipaza sauti tunakijua sote, na Luganda ina omuzindaalo wake unaotuamsha alfajiri kwa matangazo. Lakini nani amewahi kusikia mtu akipaza taa? Mwanga huongezwa au hukuzwa. Kuna pia "busta", neno la mafundi wa antena za televisheni. Silichukii, ila halisemi kinachoongezwa ni nini.

Ninachagua "kikuza-mwanga", na sababu yangu kubwa imo ndani ya kifaa chenyewe. Hicho ni kipande kidogo kuliko punje ya mchele, ndugu wa damu wa leza ya semikondakta. Mkondo wa umeme huzipandisha elektroni zake ngazi ya juu. Mwanga uliochoka ukipita, kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, huichochea elektroni ishuke, nayo ikishuka hutoa fotoni nyingine, pacha wa ile ya kwanza: rangi ile ile, mwelekeo ule ule. Mapacha nao huzaa mapacha. Leza ina ncha mbili zinazofanya kazi ya vioo, mwanga ukawa unakwenda na kurudi humo ndani. Katika kikuza-mwanga ncha hizo hupakwa utando wa kuzuia mwakisiko, hivyo mwanga hupita mara moja na kuendelea na safari yake. Ukuzaji hupimwa kwa desibeli: desibeli 20, kiwango cha kawaida kwa kifaa hiki, ni sawa na kuzidisha nguvu mara 100. Hiyo ndiyo takriban nguvu inayopotea katika kilomita 100 za faiba, kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550.

Mbona basi nisiseme "kizalisha-mwanga", ikiwa fotoni zinazaana? Kwa sababu taa nayo inazalisha mwanga. Kikuza lazima kipewe kitu kwanza. Halafu sikiliza tunavyosema mtaani: "Usikuze mambo." Anayekuza mambo hachagui, huchukua kweli na uvumi akavivimbisha pamoja. Kifaa chako kina tabia hiyo hiyo. Kelele, yaani mtikisiko usio sehemu ya ujumbe, iliyofika na mwanga hukuzwa nayo, na juu yake kifaa huongeza kelele yake chenyewe. Kwa hiyo kijitabu kisije kikasema kwamba "kinasafisha" mawimbi. Kusafisha ni kazi ya mtambo mwingine, ule unaougeuza mwanga kuwa umeme, kuunyoosha, kisha kuutuma upya ukiwa mwanga.

Usiwachanganye wanafunzi kuhusu mahali kinapotumika. Kebo za baharini zinazoishia Mombasa, ambako intaneti yetu nyingi hupandia nchi kavu, hutegemea vikuza-mwanga vya namna nyingine: faiba iliyotiwa elementi ya erbiamu na kusukumwa kwa leza. Hiyo ina kelele ndogo zaidi, lakini kazi yake iko karibu na nanomita 1550. Cha semikondakta kinaweza kutengenezwa kifanye kazi hata kwenye nanomita 1310, ambako erbiamu haifui dafu. Tena ni kidogo kiasi cha kuingia ndani ya moduli ya kupokea mawimbi, kwa mfano zile za gigabiti 100 kwa sekunde zinazofika kilomita 40. Nacho huitikia upesi mno, chini ya nanosekunde. Wepesi huo ni kero pale rangi kadhaa za mwanga zinapopita pamoja, kwa kuwa moja huitikisa nyingine. Wahandisi wameugeuza kuwa faida: wanautumia kuhamisha ujumbe kutoka rangi moja hadi nyingine, au kuwasha na kuzima njia ya mwanga kama swichi.

Kuhusu "semikondakta", wapo wanaopendelea "nusu-kipitishi". Ni neno zuri, liandike mara moja kwenye faharasa, kisha endelea na lile ambalo mafundi wako wanalitamka tayari.

Wingi: "vikuza-mwanga vya semikondakta". "Cha" inakuwa "vya", na mwanga unabaki vile vile. Asitokee mtu wa kuandika "vikuza-wanga", maana mwanga wa ngeli ya A-WA ni mchawi wa usiku, na huyo hahitaji kukuzwa.