Kumpata profesa wa biashara ya kimataifa: yaliyotukuta sisi

Mleta mada, umeuliza kwa nini tangazo lenu la profesa wa biashara ya kimataifa limekaa miezi minne bila kuleta mtu wa maana, na kama mkipandisha mshahara mtampata. Nimekaa kwenye kamati ya ajira ya chuo kimoja binafsi hapa Tanzania, na mtu wa aina hiyo tulimtafuta karibu miaka miwili. Mshahara uacheni kwanza. Lisomeni upya tangazo lenu.

La kwetu liliandikwa na watu wa utumishi, wakaweka "biashara ya kimataifa" basi, pana kama bahari. Akaja mchumi wa ushuru wa forodha, mwanasheria wa mikataba ya WTO (Shirika la Biashara Duniani), mtu wa masoko na mzee mmoja wa ugavi. Wote walikuwa na haki ya kuomba. Ugomvi ukahamia ndani ya kamati, kila mjumbe anamvuta wa fani yake. Siku amidi alipouliza "huyu mtu Jumatatu asubuhi ataingia darasani kufundisha nini?" kikao kizima kilinyamaza. Kumbe tulimtaka anayejua jinsi kampuni inavyovuka mpaka: kwa nini hii inauza kupitia wakala na ile inafungua tawi lake kabisa. Tangazo la pili tukaliandika hivyo. Maombi yakashuka kutoka ishirini na kitu hadi sita. Heri sita.

Halafu someni kazi za waombaji. Nasema someni, wala si kuhesabu. Mwombaji mmoja alileta orodha ya makala zaidi ya arobaini, kamati ikaanza kumwita profesa kabla hata ya usaili. Nilichukua tano nikaenda nazo nyumbani. Tatu zilikuwa makala ileile iliyobadilishwa jina la nchi, kwenye majarida ambayo ukilipa leo wiki ijayo umechapishwa. Msitegemee waamuzi wa nje ya chuo, wale wanaotumiwa makala wazipime, wayaone haya kwa niaba yenu. Wao hupewa zile chache alizochagua mwombaji mwenyewe.

Kilichotuamulia hasa ni mhadhara wa majaribio, na tuliwaita wanafunzi, siyo wajumbe peke yao. Wawili walifundisha nadharia ya Uppsala, ile ya Johanson na Vahlne ya mwaka 1977, kwamba kampuni hutoka nje hatua kwa hatua, ikianza na nchi inazozielewa. Binti mmoja wa mwaka wa pili akauliza: mjomba wangu ana duka Kariakoo, hajawahi kuuza hata Nairobi, lakini mzigo anafuata Guangzhou, China. Hatua kwa hatua iko wapi hapo?

Wa kwanza akajibu kuwa biashara ndogo haihusiki na nadharia hiyo. Wa pili, Mkenya, akaweka chaki chini akamuuliza: kabla ya Guangzhou alikuwa anafuata wapi? Dubai. Alipelekwa na nani? Kaka yake. "Basi hatua unaziona." Akaeleza kuwa nadharia ilitokana na kampuni za Sweden zilizokuwa zinauza nje, na mjomba ananunua, kwa hiyo haimkai sawasawa, ila mwaka 2009 waandishi walewale waliirekebisha, wakasema kikwazo kikubwa ni kuwa nje ya mtandao wa watu wanaofanya biashara hiyo. Kaka ndiye mtandao. Darasa lilipiga makofi, na mimi nilijifunza kitu pale, sioni aibu kusema.

Tukamchagua huyo, na hapo ndipo tulipoharibu wenyewe. Mgeni anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi cha Uhamiaji, na mwajiri aonyeshe mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayerithi ujuzi ule. Shahada ya nje nayo lazima itambuliwe na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Hakuna la ajabu humo, ila sisi tulisubiri muhtasari wa Baraza la Chuo usainiwe ndipo tuanze kukusanya makaratasi, na Baraza letu hukaa kwa nadra. Katikati ya kusubiri aliniuliza maswali mawili tu: atakuwa na vipindi vingapi kwa wiki, na je, tuna wanafunzi wa uzamivu (PhD). Majibu yalikuwa kumi na sita, na hapana. Suala la mshahara hakuligusa.

Kibali kilipotoka, alikuwa ameshaanza muhula kwingine.

Siku hizi huja kwetu wiki mbili kila muhula kama profesa mgeni, na wahadhiri wetu wawili anawasimamia uzamivu huko aliko. Mkitaka lile tangazo la pili mlitumie kama kiolezo, niandikie pembeni nikutumie.