Kabla uanze kutweng, funza masikio kwanza

Hii kazi ya kutranskraibu, yaani kuskiza odio za Wamarekani na Waingereza na kuandika chenye wanasema, nimeifanya nikiwa Kisumu na sahi naifanyia hapa Nakuru, na kitu vijana huniuliza sana ni "sasa hizo aksenti zao unazielewaje?" Wengine kabla ata waniulize washaanza kutweng, yaani kuiga aksenti ya kizungu, wanasema wara badala ya water wakiwa hapo tu Section 58, alafu ukiwapea dakika mbili za mzee wa Alabama akiongea wanabaki wameshikilia hedifoni wakikuangalia. Mimi nawaambia waachane na ulimi kwanza, washughulikie masikio, juu hapa hakuna mtu analipwa kwa vile anaongea.

Na masikio tayari unayo, kama umekulia huku kwetu. Fikiria vile makanga wa Kisumu akikuambia ushukie kwa sop na hujiulizi mara mbili, juu unajua Dholuo haina ile sauti ya sh, so shop ni sop, fish ni fis, na maisha yanaendelea. Kikuyu nayo haitofautishi l na r, so ukiwa Bahati mtu akikuambia rorry imekwama barabarani unajua ni lori. Enda Rongai (ile ya Nakuru, sio ile ya Nairobi) utapata Mkalenjin ambaye b na p, au g na k, hazimsumbui kichwa, kwa lugha yake hazibadilishi maana ya neno. Sisi tunaitanga kushrub na tunachekana sana, lakini angalia chenye sikio lako linafanya hapo: linajua ni sauti gani mbili zimekuwa moja, linarudisha neno mahali pake bila wewe kufikiria. Ni hiyo tu. Mmarekani naye anashrub kwao, ni vile hakuna wa kumcheka hapa.

Chukua watu wa kusini, Texas, Alabama, Tennessee na hizo sides. Wengi wao pin na pen wanazitamka sawa, zote pin, ndio maana utaskia mtu akisema ink pen na wewe unajiuliza kwani kuna kalamu ingine. Anaongeza hilo neno ili usidhani anataka pini! Ten inakuwa tin, hem inakuwa him. Lakini shika hii vizuri: inatokea tu kama baada ya hiyo vaweli (irabu) kuna n ama m. Pet na pit bado ziko tofauti, so usianze kubadilisha kila e unayoskia. Nikipata faili ya kusini naandika hiyo kitu kwa karatasi kando ya laptop kabla nibonyeze play.

Ukienda magharibi, California na huko, shida ni ingine, cot na caught ni neno moja. Hiyo unaweza puuza mpaka siku kwa odio kuna Don na Dawn, mwanaume na mwanamke, na wanatajwa kwa mkutano mmoja. Kuna jamaa namjua alirudishiwa faili nzima juu ya hiyo. Majina uliza klaienti mapema, akupe listi ya wenye wanaongea na wanatoka wapi, wengi hawakatai.

Uingereza nako, mtu wa Manchester ama Leeds anasema bus na u kabisa kama ya Kiswahili, bus, love inakuwa luv ya kweli kweli, wakati sisi tulifunzwa bas. Na bath yake ni fupi, ile ndefu ya baath ni ya watu wa London na kusini.

Yenye inaniumizanga kichwa mpaka leo ni can na can't ya Wamarekani, juu hiyo t ya mwisho wanaimeza na ukikosea umegeuza maana yote. Usisake t, hautaipata. Skiza a. Kwa can ya kawaida a karibu ipotee, inakuwa kn, I kn do it. Ukiskia a imesimama imejaa, kuna uwezekano mkubwa ni can't, alafu sentensi inayofuata itakuambia kama uko sawa.

Kitu ingine, neno likikupita usirudie hapo hapo mara kumi, endelea mbele utafute mahali amelirudia. Kuna mtafiti anaitwa William Labov, mwaka wa 1962 alizunguka maduka makubwa ya New York akiuliza wafanyikazi kitu chenye alijua kiko fourth floor, wakijibu anajifanya hajaskia ndio warudie. Wakirudia, zile r za fourth floor, zenye wengi huko walikuwa wanameza, zilitokea zaidi. Na kwa duka la bei ghali r zilikuwa mingi kuliko la bei rahisi, so aksenti si mahali umetoka peke yake. Mtu akiambiwa "sorry?" anatamka na makini, na kwa mikutano ya Zoom hizo sorry ni mingi, zitumie.

Sasa siku ukiitwa intavyuu ndio ulimi unaingia, na bado sikushauri utweng. Chenye kinawachanganya hao Wazungu wakituskiza ni vaweli, sisi hat, hut, hurt na heart zote ni hat. Fanya kama hao wa kusini na ink pen yao, ongeza neno moja la kufafanua, na uende pole pole. Ukitaja imeili taja herufi na mfano, R ya Robert, L ya London, na Z, ile herufi ya mwisho, kwa Mmarekani ni zii, ukimwambia zed anaweza kukuuliza ni nini hiyo.

Anza na odio za watu wanaosoma habari, hao wanatamka vizuri, alafu uingie kusini. Ikiwa ni ya watu wa Glasgow, huko Scotland, aksenti yao ni ngumu, skiza sampo kwanza ndio mwongee bei.