Vanishi imegeuka ukungu mweupe kwenye modeli ya kifaru T-34

Jambo ndugu. Umesema ulipuliza vanishi isiyong'aa kwenye modeli yako ya plastiki ya kifaru T-34 ya kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi) jioni, mvua ikinyesha hapo Bukavu, na asubuhi ikawa nyeupe.

Angalia kwanza weupe uko wapi. Ukiwa chini ya stika za namba tu, ni hewa iliyonaswa kwenye rangi yenye mikwaruzo: toboa stika kwa ncha ya sindano, weka tone la dawa ya kulainisha stika, rudia ikikauka. Ukiwa umeenea kote, ni unyevu. Kiyeyusho cha vanishi kinaporuka upesi kinapoza uso wa plastiki, na maji ya hewani yananaswa ndani ya vanishi. Usiusugue!

Ngoja mchana mkavu. Weka kopo dakika 5 kwenye maji ya uvuguvugu (motoni kamwe, litalipuka), litikise sana, upulize tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa ya aina ileile kutoka sentimita 20 hivi. Jaribu kwanza chini ya bodi, pasipoonekana. Mara nyingi ukungu unayeyuka palepale. Vanishi isiyong'aa ipulize tena juu yake kesho yake.