Jeli ya ganzi: usimpake mtoto

Dada, umeuliza kama jeli ya benzokaini unayopaka kidonda cha mdomo inamfaa pia mwanao wa miezi 8 anayeota meno. Tafadhali usimpake. Mate huiosha upesi, na inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Ndiyo maana mwaka 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya isitumike kwa walio chini ya miaka 2. Kama ameshapakwa, na midomo au kucha zinageuka kijivu au bluu, au anahema kwa shida, mkimbize hospitali. Badala ya jeli, fizi zake zisugue taratibu kwa kidole safi.

Wewe kausha kidonda kwa pamba, paka kidogo tu, mwisho mara 4 kwa siku, usipitishe siku 7. Chai ya moto isubiri ganzi iishe, la sivyo utaungua bila kuhisi.