Kwa mnaoanza kuongoza wageni Kilimanjaro: mita peke yake hazitoshi

Vijana wengi wanaoanza kazi hii huja wakiwa wamekariri mita. Uhuru, kilele cha juu kabisa, 5,895; Stella Point, kwenye ukingo wa kreta (shimo la volkano), 5,756; Mawenzi, kilele cha pili, 5,149. Ni vizuri, maana mgeni atauliza. Lakini mita hazikuambii mguu unakwenda kukanyaga nini. Kinachokuambia ni jina la umbo la ardhi: mgongo, genge, korongo, mteremko, uwanda. Yashikeni maneno haya kwa uzito uleule mnaoutoa mnapokagua viatu na tochi.

Chukua siku ya kutoka Barranco kwenda Karanga. Kambi zote mbili ziko karibu na mita 4,000, na anayesoma namba peke yake atamwambia mgeni kwamba kesho ni matembezi mepesi. Kumbe ukishavuka kijito asubuhi tu, mbele yako umesimama ukuta wa mwamba wenye zaidi ya mita 200 kwenda juu, na unaupanda kwa mikono na miguu. Juu yake unapata mgongo, mnapumzika na kupiga picha. Halafu yanaanza makorongo, unashuka na kupanda, unashuka na kupanda. La mwisho, la Karanga, ndilo linalowamaliza watu, kwa sababu kambi iko ng'ambo yake. Mahema unayaona, sauti za wapishi unazisikia, lakini ni lazima uteremke mpaka kwenye maji kisha uupande upande wa pili ambao ni mkali kweli. Wapagazi wanalijua korongo hilo kuliko mtu yeyote, maana kwa njia hiyo ndipo penye maji ya mwisho kabla ya kambi ya Barafu, na maji ya kupikia kambini huko hubebwa kutoka hapo.

Kwa hiyo jioni, mnapowaeleza wageni kuhusu kesho, taja maumbo kwa mpangilio wake: ukuta, mgongo, makorongo, na korongo kubwa mwishoni. Mgeni aliyeambiwa hivyo huweka nguvu ya akiba. Aliyeambiwa "mita mia chache" hukata tamaa anapoona kambi ng'ambo na kugundua bado hajafika.

Neno la kamusi kwa ule ukuta ni genge. Nalipenda, lakini kazini ninalitumia kwa uangalifu, kwani kijana aliyekulia Dar es Salaam akisikia genge anafikiria kibanda cha nyanya na vitunguu. "Ukuta" au "ukuta wa mwamba" unaeleweka na wote. Genge liwekeni kwenye maandishi, na hasa mnapotaja mahali ambapo mtu akiteleza hakuna cha kumzuia.

Sehemu inayohitaji umakini mkubwa zaidi ni mawe. Tusiite kila kitu jiwe. Mwamba ni ule ulioshikana na mlima wenyewe, unaweza kuuegemea na kuushika. Jabali ni kubwa, linaweza kuwa limekaa pale miaka na miaka, lakini limekaa tu, halikushikana na kitu. Kokoto na changarawe hutembea chini ya mguu. Juu ya kambi ya Kibo Hut, kwenye mpando wa kwenda Gilman's Point kwenye ukingo wa kreta, usiku kokoto zikiwa zimeganda kwa baridi hukanyagika vizuri. Jua likishapanda huachia, na ukiteremka hapo saa nne asubuhi unazama mpaka kwenye kifundo. Njia ni ileile, ila ardhi imebadilika, na ndiyo sababu mojawapo ya kuanza safari ya kileleni usiku wa manane.

Njia ya Western Breach ni somo zito zaidi. Hapo ndipo penye pengo katika ukuta wa magharibi wa kreta ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na chini ya pengo hilo mawe mengi yamekaa juu ya mteremko mkali, mengine yakishikiliwa na barafu. Januari 2006 mawe yaliporomoka huko yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani. Kama hujawahi kupita njia hiyo, muulize kiongozi wako swali moja waziwazi: hapa tunapopita ni mwamba, au ni mawe yaliyoshikwa na barafu? Jibu ndilo linaloamua mpite saa ngapi na mpumzike wapi.

Mgongo nao usiuchukulie kama mahali salama kwa kuwa unaona mbali. Kambi ya Barafu iko mgongoni. Upepo unaipiga, nafasi za kufunga hema ni finyu, na pembeni ardhi inakatika. Wageni wakifika waonyesheni njia ya chooni kungali mchana. Njia ya Umbwe nayo inapanda kwenye mgongo mwembamba, mizizi ya miti ikiwa ndiyo ngazi, na mvua ikinyesha kuna utelezi mbaya.

Kwa haya yote walimu wazuri ni wapagazi waliozaliwa huko chini. Wachaga wameishi kwa vizazi kwenye migongo iliyotenganishwa na makorongo marefu, na mto mmoja tu ukishauvuka, lugha nayo inaanza kubadilika. Mtu aliyekua akienda shule kwa kuvuka korongo analisoma kwa jicho. Muulize, na jina la kienyeji la mahali uliandike.

Jambo jingine ni neno "mlima" lenyewe. Mtaani kila mpando ni mlima. Madereva wa barabara ya Iringa husema wanapanda Mlima Kitonga na kila mtu anaelewa. Ukiwa Kilimanjaro, "mbele kuna mlima" haimsaidii mtu. Sema mpando mrefu wa taratibu, au mpando mfupi mkali.

Uzito wa maneno haya utauona siku mtu akiugua na wewe ndiye mwenye redio. Machela ya gurudumu moja hupita kwenye mteremko wenye njia nzuri. Ukutani haipiti, hapo mtu hubebwa kwa mikono, na wabebaji wanahitajika wengi zaidi. Helikopta inataka uwanda. Basi ukipiga redio sema hivi: "Mgonjwa yuko mgongoni, juu ya ukuta wa Barranco, bado hatujafika korongo la kwanza. Chini ni mwamba mkavu. Hapatui helikopta. Tunahitaji watu wa kubeba." Halafu mwombe aliyepokea akurudishie maneno hayo, na usiondoke hewani mpaka atakapoyataja yote kwa usahihi.