Kabla ya kulipia seti ya vyombo vya sikukuu, omba sahani moja peke yake

Usilipe. Kama umeshatoa kianzio, kakidai leo kabla duka halijafungwa. Umeandika kwamba umeona Kariakoo seti ya vipande 72 ya watu 12, yenye ukingo wa dhahabu, kwamba unataka kuichukua kabla ya Idi, na unauliza kama inastahili bei yake, kama glasi uzinunue hapo hapo au kwingine, na kabati la namna gani litafaa. Nitaanza na sahani, kwa sababu ndizo zilizonitia hasara.

Mwaka 2019 zamu yangu ya kupokea fedha za mchezo wa kuchangiana iliangukia wiki ya mwisho ya Ramadhani. Nilikuwa nimeahidi kuweka bati jikoni, lakini wifi yangu alikuwa ameshanieleza mara nyingi kwamba nyumba isiyo na vyombo vya wageni ni nyumba ya kupanga hata kama hati ni yako, nami nikaingia Mtaa wa Kongo na fedha yote mkobani. Muuzaji alichukua sahani moja, akaigonga ukingoni kwa ukucha, ikalia kama kengele, kisha akaniambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naweza kuzima jiko nikatoka nje: "Mama, hata zikivunjika usijali, unakuja unachukua moja moja, mzigo huu kwetu haukatiki." Nililipa shilingi 540,000 nikiamini kwamba nimenunua seti na dhamana ya maisha.

Nilipoifungua nyumbani ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya dukani. Vikombe 12 na visahani vyake 12 ni vipande 24. Vibakuli ni 12, visahani vya keki ni 12, kisha kuna birika, chombo cha sukari na ndugu zao wengine, na hata mfuniko wa birika ulihesabiwa kuwa ni kipande kinachojitegemea. Sahani za kulia chakula cha watu wazima zilikuwa 12 tu, nami siku ya Idi nilikuwa na wageni 19. Saba walikula katika melamini za kila siku, na kwa kuwa Mungu ana ucheshi wake, mmoja wao alikuwa wifi yuleyule.

Tena zile sahani zilikuwa bapa kama meza. Mtu anayekaa mkekani, sahani ikiwa pajani, anahitaji chombo chenye kina kidogo ili mchuzi wa biriani ubaki ulipowekwa. Kanzu mbili nyeupe ziliondoka kwangu siku hiyo zikiwa na rangi ya zafarani.

Hayo yote ningeyavumilia. Jioni mpwa wa mume wangu alipasha wali katika maikrowevu kwa sahani hiyo hiyo, na cheche zikaruka kama kwa fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu ule mstari wa dhahabu ukingoni ni madini kweli na madini hayaingizwi humo. Ukingo ukabaki na doa jeusi. Binti aliyekuwa akinisaidia kuosha alitumia stili waya, nami simlaumu, hakuna aliyemwambia. Dhahabu ya namna hii hupakwa juu ya ule utando unaong'aa baada ya sahani kuchomwa, kisha huchomwa tena kwa joto dogo zaidi, kwa hiyo haina kitu cha kuilinda. Sahani nne zikawa na vipara. Nyingine tatu ziliteleza kwenye beseni zikavunjika. Kufikia Idi pili nilikuwa na seti ya watu watano.

Sikulia, kwa sababu nilikuwa na ahadi ya yule muuzaji. Nilifunga kipande kilichovunjika ndani ya kanga, nikarudi dukani, naye akakitazama kama mtu anayeoneshwa picha ya ndugu asiyemfahamu. "Mama, mzigo ule ulishaisha. Labda kontena lijalo." Nikaomba aniuzie sahani moja kutoka katika seti nyingine ya ua linalofanana. Akasema seti haivunjwi, ila anaweza kunipunguzia bei nikichukua nzima! Nilizunguka na kipande changu kutoka Kongo hadi Aggrey, na kutoka Aggrey hadi Mtaa wa Sikukuu, jina ambalo siku hiyo nililiona kuwa ni kejeli, na kila duka lilikuwa na maua ila si langu. Mfanyabiashara mmoja mzee ndiye aliyenieleza ukweli bila kutaka fedha yangu: mwagizaji huleta kontena la mchoro uliopo kiwandani wakati huo, na akiagiza tena huletewa mchoro mwingine. Muuzaji wangu alilijua hilo aliponitazama usoni na kuniita mama.

Wazee wa pwani walikuwa na akili kuliko mimi. Pale Kunduchi walizipachika sahani za Kichina kwenye makaburi, mahali ambapo hakuna mpwa mwenye maikrowevu.

Kwa hiyo fanya jambo moja tu. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie muuzaji: "Niuzie sahani moja peke yake ya mchoro huu." Akikubali na kukutajia bei, endelea kuzungumza naye. Akianza kukueleza habari za kontena, ondoka. Mimi sasa ninatumia sahani nyeupe tupu zenye kina, za aina wanayonunua watu wa mahoteli, ambazo huuzwa hata moja. Nilianza na 12, leo ninazo 30, zimevunjika nyingi njiani na hakuna mgeni anayejua ni zipi za zamani na ni zipi za mwezi uliopita. Wifi anasema zinafanana na za hospitali. Anakula na kuongeza.

Nenda kesho asubuhi, wauzaji wakiwa bado hawajachoka, uliza swali hilo moja, kisha urudi hapa utuandikie alichokujibu.