Kuuza mzigo ulio baharini kwa kusaini hati ya shehena

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumuuzia mtu mzigo ulio bado melini kwa kusaini tu nyuma ya hati ya shehena, yaani karatasi anayoitoa msafirishaji kuonyesha amepokea mzigo (bill of lading). Inawezekana, ila kwanza soma sehemu ya mpokeaji. Ikiandikwa “kwa amri ya” fulani, hati inahawilishika, yaani haki ya mzigo inaweza kuhamishiwa mtu mwingine: huyo fulani anasaini nyuma na kuikabidhi, kisha mnunuzi anaweza kudai mzigo bandarini. Likiwepo jina tupu bila neno amri, sahihi ya nyuma kwa kawaida haitamsaidia mnunuzi.

Kusaini bila kukabidhi hati yenyewe hakutoshi. Na tafadhali mtaje unayemhawilishia. Ukiacha wazi, hati huwa ya yeyote aliyeishika.

Wengi hawaliangalii hili: hati halisi mara nyingi hutolewa tatu, na msafirishaji akishatoa mzigo kwa moja, zilizobaki hazina nguvu. Mnunuzi makini atadai zote, naye ana haki kabisa. Umiliki wenyewe hutegemea pia mlivyokubaliana kwenye mkataba, kwa hiyo andikeni.

Stakabadhi ya ghala, yaani risiti ya mzigo uliowekwa ghalani, nayo huweza kuhawilishwa hivyo pale sheria inaporuhusu, lakini ulizia deni la uhifadhi mapema. Mwenye ghala anaweza kuzuia mzigo hadi alipwe.